Kufuli kwenye Mchoro

Mchoro wa kiti cha magurudumu ulikuwa mikononi mwa Mzee Shekue tangu mvua za vuli. Kiwandani kwao, mtu akichukua mchoro kwenye kompyuta huonekana jina lake pamoja na alama ndogo ya kufuli, na mwingine hawezi kuubadilisha mpaka aurudishe. Siku hiyo mzee alikuwa anastaafu, na mafundi walikuwa wanausubiri.

“Shikamoo, mzee. Umebaki huo mmoja tu,” alisema Rukia, mchoraji mwenzake wa meza ya pili.

“Marahaba. Najua.” Hakugusa kipanya. “Nikiurudisha tu, watapunguza upana wa kiti ili chuma kisiende kingi. Mtu atakaa humo kutwa, mwanangu. Si gunia hilo.”

“Lakini toleo lako halifutiki, mzee. Litabaki humo na jina lako.”

“Litabaki kama nguo sandukuni. Kinachotengenezwa ni toleo la mwisho.”

 Rukia alirudi mezani kwake.

Mzee alifuta kioo cha kompyuta kwa leso, ingawa hakikuwa na vumbi, kisha akabonyeza “Rudisha”. Kufuli likatoweka. Sasa yeyote angeweza kuuchukua. Akaanza kukusanya vitu vyake: miwani, rula, kikombe cha chai.

Alipoinama kuzima kompyuta, aliona kufuli limerudi. Kando yake palikuwa na jina la Rukia.

Aligeuka. Binti alikuwa amekikazia macho kioo chake, mkono juu ya kipanya, habadilishi kitu.