Mtungi Ulioalikwa Harusini

Siku hizo kila nyumba mjini Mbeya ilikuwa na mtungi wa kioo wenye tope la chemchemi za moto. Ulipashwa moto chini, juu ukaachwa baridi, na sheria ilikuwa moja: uhai ukianza kwako, joto lisikatike.

Ambakisye hakuamini kwamba uhai ungeanza humo. "Joto hutawanya vitu tu, mke wangu. Halijengi."

"Likipita, hujenga," alijibu Tusajigwe. "Hujaona maji yanavyojipanga yakichemka?"

Asubuhi ya safari ya Tukuyu kumwoza binti yao, matone ya tope ndani ya mtungi yakaanza kugawanyika na kukua kama viumbe hai. Tusajigwe akapiga vigelegele, kisha akashtuka.

"Na harusi je?"

"Tunakwenda nao!" Ambakisye alicheka, akakubali kushindwa. Akafungua koti, akaukumbatia mtungi tumboni, upande wa pili ukapigwa na baridi ya dirisha la gari. Njia nzima aliuimbia.

Walipofika, Tusajigwe alitaka kumpokea mtungi. Matone yote yalikuwa yamejibana upande wa tumbo la mumewe. Alipouzungusha mtungi kidogo, yakageuka kwa pamoja, yakarudi upande wa mumewe.

"Yamemjua baba yao," alisema Ambakisye kwa furaha.

Tusajigwe naye akacheka, lakini matone yanayomtambua mtu yalimtisha; hakuugusa tena.