Panya Buku na Faili Lake Moja

Hapo kale, ila si kale sana maana simu zilikuwepo, Panya Buku aliwatengenezea wanyama tovuti ya zamu za kisimani. Msimbo wote, yaani maagizo yanayoiendesha tovuti, aliurundika kwenye faili moja: zamu, matangazo, bei za majani, hata picha za misiba.

Fundi mwenzake, Mchwa, akamshauri, "Bwana Buku, gawa vyumba kama kichuguu. Anayetaka zamu afunguliwe zamu tu."

"Nikigawa, kila mtu ataelewa," Buku akacheka. "Hivi ilivyo, kikiharibika chochote lazima wanipigie magoti mimi."

Asubuhi ya harusi yake akaweka mwaliko humo humo. Msitu mzima ukaufungua kwa pamoja, na kila aliyeufungua akabebeshwa faili zima, misiba na yote. Tovuti ikaganda.

Nyati akaingia ukumbini mbio. "Bwana harusi, zamu hatuzioni, tunakufa kiu!"

Buku akavua joho, akazama kwenye faili. Jioni ikamkuta bado anatafuta kosa, pilau imeshapoa na ndoa haijafungwa.

Bibi harusi akajifunga kanga aondoke. "Kumbe mwenzangu una mke, faili! Ukimpa talaka, nitumie mshenga."

Buku akamkimbilia Mchwa. "Gawa, kaka! Gawa mpaka uani!"

Ijumaa iliyofuata ndoa ikafungwa. Tovuti ilikwenda kasi kama swala, na hakuna aliyemwita bwana harusi. Buku alikula pilau kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu, akinung'unika, "Hata mmoja tu asinipigie? Wanyama gani hawa!"