Mchwa wa Ghala la Dhahabu

Kaeni niwaambie habari ya wanyama waliojiwekea dhahabu, ili kiangazi kikija wanunue maji kwa Tembo. Mtunzaji wao alikuwa Kima, fundi wa maneno. Kila mwaka alifungua mlango wa ghala, wenzake wakaona mng'ao kwa mbali, wakapiga makofi, wakarudi makwao.

Kiangazi kikaja, na uvumi nao: dhahabu ni bandia. Kanga, mama wa vifaranga tisa wenye kiu, akaenda mlangoni.

"Nataka kuishika, Mzee Kima."

"Dhahabu ya umma haishikwi, mama. Nenda nyumbani, uache kusikiliza wazushi."

"Siendi."

Akakaa siku nne. Kima akamtukana mpaka koo likamkauka. Siku ya tano mchwa wakatoka chini ya mlango, wanono kweli. Kanga hakuwadonoa, na njaa anayo. Akaita wanyama wote.

"Mzee Kima, humo ndani mna nini?"

"Dhahabu tupu, naapa!"

"Basi hawa mchwa wamenenepa kwa kula nini?"

Wakamnyang'anya ufunguo. Ndani wakakuta mbao zilizopakwa rangi. Kabla jua halijazama Kima alikuwa ameonyesha shimo alikoificha dhahabu ya kweli, na vifaranga wakanywa.

Siku hizi dhahabu ya umma hushikwa, na wa kwanza kuishika ni Kanga.