Nyani Aliyetangulia Mlimani

Zamani wanyama waliposema, Nyani na Pimbi walipatana kupanda mlima wa theluji.

"Tuondoke alfajiri, kaka," alisema Pimbi, "kabla jua halijalainisha theluji."

Nyani aliitikia, lakini kijicho kilimla moyoni, maana wanyama wote walimsifu Pimbi kwa ujasiri wake. Basi akatoroka peke yake kabla ya alfajiri, ili afike wa kwanza. Theluji ilimfika kifuani. Aliikanyaga hatua kwa hatua, na karibu na kilele akaanguka kwa uchovu.

Kulipokucha, Pimbi alimkuta amelala.

"Ahsante, kaka! Kwa miguu yangu hii mifupi, bila njia uliyoikanyaga nisingefika. Nipe mkono, tumalizie pamoja."

Nyani akauficha mkono kwapani, akamtazama Pimbi akifika kileleni peke yake.