Chungu cha Mgonjwa

Mniwie radhi: bibi yangu akiisimulia hekaya hii watu walilia, nikiisimulia mimi, watu hutafuta viatu vyao.

Nungunungu alikuwa na binti mmoja, Tabu, aliyeugua homa na kukataa chakula siku tatu. Mama Tabu, akitoka mbio kumwita Kobe mganga, alimwonya mumewe: "Baba Tabu, boga ndilo hilo moja. Asipokula leo, kesho hatuna mtoto."

Nungunungu akalipika kwa karanga za kutwanga. Akadondoshea kidogo kiganjani, akaonja.

"Chumvi haijakolea."

Tabu akageukia ukutani, akihema kwa shida. Baba akaongeza chumvi, akaonja. Akakamulia ndimu, akaonja mara tatu, maana akiliharibu pishi hili hakuna jingine. Kila hofu ilipompanda, akaonja tena.

Mara akasikia sauti nyuma yake.

"Baba, unavyolamba vidole hivyo, kitamu?"

"Kitamu mno, mwanangu!"

"Basi nipe na mimi."

Nungunungu nusura aangue kilio kwa furaha. Akatumbukiza upawa, ukagonga chini: ko! Akakwangua, akapata tonge moja. Tabu akalimeza, akafumbua macho. "Ongeza!"

Mlango ukafunguka. Mama Tabu akaingia na Kobe, aliyebeba ndizi mbivu. Tabu akazirukia.

Mama akachungulia chunguni. "Nani kamaliza chakula cha mgonjwa?"

"Ni mlafi mmoja, mke wangu," akajibu Nungunungu, macho chini. "Ningemfukuza sasa hivi, ila sijui mimi nitalala wapi."