Zawadi ya Mzee Kileo

Siku hizi sheria inataka msaada wowote utolewe kwa siri, na baada ya miaka kumi mpokeaji aandikiwe barua ya kumjulisha alipewa nini na nani. Kanuni hiyo niliipigia debe mimi, kwenye vitabu vyangu vitatu na kila ukumbi nilikoalikwa kuwafundisha matajiri namna ya kutoa. "Mpe mtu anachokosa, siyo anachoomba," niliwaambia, nao wakasimama kunipigia makofi.

Barua yangu imefika leo asubuhi, tukinywa chai. Mtoaji ni Mzee Kileo, mteja wangu wa kwanza, ambaye siku moja nilijisahau nikamweleza upweke wangu. Penye aina ya msaada wameandika: mume.

Nilimtazama mume wangu, Ludoviko, akinipakia siagi kwenye mkate, bila kufika kingoni, vile ninavyopenda.

"Hata hili la siagi uliambiwa?"

"Lilikuwemo kwenye maelezo," akasema taratibu. "Lakini baadaye nilikupenda, mke wangu. Haki ya Mungu."

"Baadaye lini?"

Alinisogezea ukurasa wa mwisho wa barua, ile fomu niliyoibuni mwenyewe na kujisifia nayo majukwaani. Ina swali moja tu: Je, msaada huu uendelee, au apewe mwenye shida zaidi?

Akaweka kalamu kando ya kikombe changu. Vidole vyake havikuiachia, na mimi, bingwa wa kutoa, sikujua anachoogopa ni ndiyo yangu au hapana.