Mche wa Emilyen

"Weka beleshi chini. Hapo hapachimbwi."

Selbi, mchimba mtaro, aliegemea beleshi. Mtaro wa bomba la maji ulikwisha kufika chini ya dirisha la jiko. "Matanti Oktavi, mche wako ule kule, hatua nyingi. Na udongo wa hapa ni laini, nitamaliza kabla ya chai."

Nyuma ya ua, minazi ya kokodemeri, ile ya nazi kubwa za pacha, iligonganisha majani yake makavu, kama mtu anayepanga mbao gizani. Oktavi hakutazama huko. Tangu mumewe, Emilyen, apotee, dirisha la jiko alikuwa amelipigilia misumari.

Kisiwa kizima cha Praslin kinajua kisa cha mume huyo. Usiku wa tufani minazi hiyo iliyo dume hutembea kwenda kwa majike, na anayeiona harudi. Emilyen alikuwa amelewa, akaapa kwamba ataiona.

"Kwenda kuchungulia harusi ya watu," Selbi alisema. "Angalau angebisha hodi."

"Selbi, funga mdomo." Alikuwa Mirena, mlinzi wa msitu, aliyeitwa aje kuamua. Alichuchumaa penye mche, akashika jani lake moja pana. "Matanti, nazi yenyewe iko wapi?"

"Hapo aliposimama Selbi. Tufani ile iliiangushia uani. Asubuhi yake nikaiweka hapo, ya kumkumbuka."

Mirena alinyoosha kidole kutoka kwenye mche hadi miguuni pa Selbi. "Basi Matanti ana haki. Nazi hii hutoa kamba kama mzizi, ikapita chini ya ardhi, ndipo jani hutokea mbali. Ukiikata kamba, mche umekufa. Na mche wa kokodemeri hauguswi, uwe bondeni, uwe uani kwa mtu. Mtaro utazunguka."

"Na siku wakija wachimbaji wengine?" Oktavi aliuliza.

"Mti huu utawazika wajukuu wa wajukuu zetu. Hapa hapachimbwi tena."

Selbi alianza kurudisha udongo. "Taabu yote hii," alinung'unika, "kwa mwanamume aliyekuvunja mkono."

Oktavi alisimama pale mpaka udongo wote ukarudi. Walipoondoka alichukua nyundo, akang'oa misumari ya dirisha, mmoja mmoja, akalifungua. Kisha akatoka, akapiga magoti penye ile nazi, akainamisha mdomo karibu na udongo.

"Umesikia mwenyewe, Emilyen," alisema. "Hakuna atakayekufukua."